Vyombo vya Nyumbani: Pikapu Kuukuu Inayomisi



Mwezi huu twataka kunena habari za pikapu kuukuu, maana katika wilaya zetu za Singida, Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni chombo hiki kimekuwa mtumishi wa nyumba nyingi. Ndicho kipelekacho alizeti kwenye mashine ya kukamua mafuta na vitunguu sokoni. Ndicho kiletacho mabati na saruji. Tena usiku wa manane ndicho kimchukuacho mgonjwa mpaka hospitali ya Kiomboi au ya Makiungu. Basi chombo hiki kikianza kutikisika, na mlio wake ukawa wa kusitasita kama usemi wa mwenye kigugumizi, nyumba nzima huingiwa na wasiwasi. Mafundi husema, "Inamisi." Maana yake ni kwamba silinda moja, au zaidi ya moja, haifanyi kazi yake zamu yake ifikapo.

Neno letu ni moja tu, nalo ni hili: msinunue kitu kabla hamjajua ni silinda ipi inayokosa, na imekosa nini. Wengi hufanya kinyume. Hununua plagi nne mpya, injini isibadilike. Hununua koili, isibadilike. Huambiwa kabureta imekwisha, wakauza mbuzi na kununua nyingine, na bado gari latikisika vile vile. Mwisho hugundulika kwamba waya mmoja ulipasuka mahali pasipoonekana. Fedha ya mavuno imekwenda, na ugonjwa ulikuwa wa bei ndogo. Kwa hiyo tutaeleza jinsi ya kutafuta kwa utaratibu, kusudi hata mtu asiye fundi aweze kujua alipo.

Kwanza yafaa kufahamu kazi ya injini yenyewe. Injini ya petroli ya pikapu nyingi kuukuu, kama vile Toyota Hilux, Land Rover au Peugeot 504, ina silinda nne. Katika kila silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli; hupanda na kuibana; kisha plagi hutoa cheche, mchanganyiko ule huwaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu; halafu pistoni hupanda tena na kuutoa moshi. Hizo ndizo hatua nne. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda yapasa kuwaka mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 katika sekunde moja. Si ajabu basi kwamba silinda moja ikinyamaza, sikio hutambua mara hiyo, na mkono uliowekwa juu ya usukani hutambua pia.

Ili silinda iwake, yahitaji mambo matatu: cheche yenye nguvu kwa wakati wake, hewa na petroli kwa kipimo chake, na mbano wa kutosha. Likikosekana moja katika hayo, silinda haiwaki. Mashauri yote yafuatayo yanatoka katika neno hili dogo, nasi twawaomba mlishike: cheche, mchanganyiko, mbano.

Huenda mtu akasema, "Mbona bado linakwenda? Na liendelee hivyo hivyo." Shauri hilo si jema, na sababu ni mbili. Ya kwanza, petroli isiyowaka huteremka kando ya pistoni, ikaosha mafuta ya kulainisha yaliyo kwenye kuta za silinda, kisha huingia katika oili ya injini na kuifanya nyepesi. Toa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kikinuka petroli, jua kwamba ringi na beringi zinalika kila siku. Basi plagi moja isiyoangaliwa yaweza kuwa mwanzo wa kufungua injini nzima. Sababu ya pili ni hatari ya njiani. Wote waijuao barabara ya kwenda Nzega wanaufahamu mlima Sekenke, unaposhuka kuelekea Shelui na Igunga. Katika motokaa nyingi breki husaidiwa na mvuto wa hewa utokao katika injini. Injini ikizimika katika mteremko, msaada ule huisha baada ya kukanyaga mara chache, pedali hukaza, na dereva hana budi kukanyaga kwa nguvu zake zote. Tena akipanda mlima huo huo akiwa na shehena na silinda tatu tu, injini hukosa nguvu katikati ya kona, na malori yako nyuma yake. Kwa hiyo injini inayomisi isipelekwe mlimani na abiria.

Sasa tuingie katika kutafuta. Kabla ya kushika spana, jiulizeni: inamisi wakati gani? Swali hili halina gharama, nalo laweza kuwaokoa nusu ya kazi. Ikiwa injini hutikisika inapozunguka polepole tu, lakini hutulia ukiongeza mwendo, mara nyingi kuna hewa inayoingia pasipo njia yake, au kuna valvu isiyofunga vema. Ikiwa hutulia ikiwa tupu lakini hukosa ikipanda mlima na mzigo, shuku cheche dhaifu au petroli isiyofika ya kutosha. Kwa kuwa mzigo ukizidi, mbano ndani ya silinda huzidi, na cheche dhaifu haiwezi kuruka katika hewa iliyobanwa sana. Ikiwa hukosa asubuhi ya masika tu, kisha hupona jua likipanda, unyevu umeingia katika waya au katika kofia ya distribyuta. Ikiwa ilianza siku ile ile ulipojaza mafuta, usiangalie mbali, angalia tangi. Andikeni majibu haya katika karatasi, maana fundi atayahitaji.

Kisha itafutwe silinda yenyewe. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yawekewe mawe. Watoto wakae mbali. Wala mtu asiinamie injini akiwa na kanga, shuka, tai au mkufu unaoning'inia, kwa maana feni haina huruma. Pasiwe na moto wala sigara karibu.

Njia ya kwanza ni ya maji. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, iwashwe kwa dakika moja au mbili. Kisha tone la maji lidondoshwe kwenye kila tawi la bomba la moshi, pale linapotoka katika silinda. Tawi la silinda inayowaka litakausha tone mara. Tawi la silinda iliyonyamaza litakuwa bado baridi, na tone litabaki. Mtoto wa shule aweza kuona tofauti hiyo kwa macho yake.

Njia ya pili ni ya waya. Injini izimwe, waya wa plagi ya silinda ya kwanza uchomolewe kwa kushika kichwa chake, wala si kwa kuvuta waya wenyewe, kisha uchomekwe kwenye plagi ya akiba, ambayo chuma chake kimefungwa imara kwenye chuma cha injini. Iwashwe, isikilizwe. Mlio ukizidi kuwa mbaya, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi; rudisheni waya wake, mwende kwenye ya pili. Ile ambayo ikiondolewa hapana tofauti yo yote, ndiyo inayokosa. Twasema injini izimwe kwanza kwa sababu koili huugeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa wa maelfu mengi ya volti, nao humpiga mtu vibaya. Na mwenye ugonjwa wa moyo asiujaribu kabisa. Wala waya usiachwe ukining'inia bila kugusa chuma wakati injini inazunguka, kwa kuwa katika magari yenye cheche za kielektroniki jambo hilo laweza kuharibu kifaa cha bei kubwa.

Hapa twaongeza onyo dogo kwa wenye Peugeot. Katika Hilux na Land Rover za silinda nne, silinda ya kwanza ni ile iliyo mbele, upande wa feni. Katika Peugeot 504 silinda ya kwanza huhesabiwa kutoka nyuma, upande wa gurudumu zito la klachi. Zamu ya kuwaka katika magari hayo yote ni 1, 3, 4, 2; lakini mtu akianza kuhesabu upande usio wake atachanganya waya, na gari litamisi zaidi kuliko lilivyokuja. Kabla ya kuchomoa waya zote, kila mmoja ufungwe kitambaa au uzi wenye alama yake.

Tuseme sasa imejulikana kwamba ni silinda ya tatu. Tuanze na cheche, maana ndiyo rahisi kuangalia. Fungueni plagi zote nne, mziweke kwa mfuatano juu ya ubao. Rangi zake husema. Plagi yenye rangi ya kahawia au ya kijivu ni nzima. Nyeusi yenye masizi makavu yasema petroli imezidi, au cheche imepungua. Iliyolowa petroli yasema mafuta yafika lakini hayawaki. Iliyolowa oili yasema ringi au valvu zimelika. Nyeupe, yenye dalili za kuungua, yasema hewa imezidi au joto limepita kiasi. Angalieni pia kigae chake cheupe. Ufa mwembamba kama unywele watosha kuipoteza cheche. Nafasi ya mdomo wa plagi ipimwe kwa kipimo, si kwa jicho: katika Hilux yenye injini ya 22R ni milimita 0.8.

Ndipo ifanyike kazi tuliyokusudia kuisisitiza kuliko zote, nayo ni kuhamisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Plagi ya silinda ya tatu itiwe katika ya kwanza, na ya kwanza katika ya tatu; kisha injini ijaribiwe tena. Ikiwa sasa ni silinda ya kwanza inayokosa, ubaya umeifuata plagi, nanyi mmejua kitu cha kununua. Ikiwa bado ni ya tatu, plagi haina hatia. Basi hamisheni waya kwa namna hiyo hiyo, mkizibadilisha ncha zote mbili ili zamu isivurugike. Ubaya ukifuata waya, nunueni waya. Usipofuata, nao hauna hatia, na mtakuwa hamjatumia hata senti moja. Walakini mkibadilisha plagi, waya na kofia kwa pamoja, gari likapona, hamtajua lililoliponya. Na lisipopona, hamtajua hata pa kuanzia. Walimu watatambua kwamba hii ndiyo njia ile ile tufundishayo darasani katika sayansi: badili jambo moja, mengine yaache kama yalivyo, kisha uangalie. Pikapu ya mwalimu ikimisi, wanafunzi wa darasa la juu wanaweza kujifunza kwayo somo jema kuliko lile la ubaoni.

Kama si plagi wala waya, fungueni kofia ya distribyuta. Ndani yake tafuteni mstari mweusi mwembamba, kama mchoro wa penseli, utokao kwenye nguzo moja kwenda nyingine. Huo ndio njia ambayo umeme hutoroka. Futeni unyevu na vumbi kwa kitambaa kikavu. Angalieni nguzo za ndani kama zimelika, na rota kama imepasuka. Magari ya kale zaidi yana pointi, ambazo hufunguka na kufunga maelfu ya mara kila dakika. Nyuso zake zikiungua au nafasi yake ikibadilika, cheche hufifia. Katika Land Rover ya petroli ya silinda nne yenye pointi, nafasi hiyo ni milimita 0.35 mpaka 0.40. Kumbukeni lakini: pointi, kondensa na koili huhudumia silinda zote. Vikiharibika, silinda zote husumbuka, wala si moja peke yake. Kwa hiyo mtu akiwaambia mnunue koili kwa sababu ya silinda moja inayokosa daima, mwulizeni kwa adabu, "Mbona nyingine tatu zawaka?"

Ikiwa cheche ni nzuri, yaani ya rangi ya buluu na yenye mlio, twende kwenye mchanganyiko. Hapa mahali petu pana neno la kusema. Mji wa Singida uko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, ikipungua kadiri ya sehemu 14 katika 100. Kabureta haijui jambo hilo. Iliyorekebishwa Dar es Salaam kwa hewa nzito itatoa petroli nyingi mno ikifika kwetu: plagi zitajaa masizi, moshi utakuwa mweusi, na injini itaanza kukosa. Basi mwenye kununua pikapu pwani na kuileta huku asishangae. Amwombe fundi wa huku airekebishe kabureta upya. Vivyo hivyo chujio la hewa. Katika miezi ya kiangazi upepo wetu huinua vumbi jingi, na chujio lililoziba hupunguza hewa na kuizidisha petroli. Kuling'uta na kulibadilisha ni kazi nyepesi, nayo huahirishwa kuliko zote.

Hewa isiyo na njia ni kinyume chake. Mpira wa mvuto uliopasuka, au gasketi iliyolegea kati ya kabureta na injini, huingiza hewa ya ziada katika silinda iliyo karibu, na hiyo ndiyo hukosa. Injini ikizunguka polepole, nyunyizeni maji kidogo penye maungio hayo, mkijihadhari yasifike kwenye waya. Mlio ukibadilika kwa kitambo kidogo, hapo ndipo hewa iingiapo. Msinyunyize petroli wala mafuta ya taa kwa jaribio hili, kama wafanyavyo wengine. Motokaa zimeungua kwa ajili hiyo.

Habari za mafuta yenyewe, tieni kiasi katika chupa nyeupe ya kioo, mwiache itulie. Maji, kama yapo, yatashuka chini na kuonekana kama sakafu ya chupa. Lakini mafuta ya taa yakichanganywa na petroli hayaonekani hivyo. Uchanganyaji huo ulikuwa umezidi nchini, hata mwaka 2010 mamlaka ya EWURA ikaanza kutia alama maalumu katika mafuta ili udanganyifu utambulike, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili mtu asipate faida kwa kuchanganya. Anunuaye petroli ya chupa kando ya njia bado yampasa kuwa macho. Tena twawasihi, mtu asivute petroli kwa mdomo kupitia mpira. Ikiingia katika mapafu yaweza kuua.

Ikiwa cheche ni njema na mchanganyiko ni mwema, limebaki jambo la tatu, yaani mbano. Hapa afadhali aitwe fundi mwenye kipimo. Plagi zote hufunguliwa, cheche huzuiliwa kama gari lile litakavyo, pedali ya mafuta hukanyagwa mpaka chini, na injini huzungushwa kwa starta mpaka mshale usipande tena. Msitishwe ikiwa hesabu ni ndogo kuliko ile ya kitabu. Hewa yetu nyepesi huipunguza katika silinda zote. Jambo la kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda. Tatu zikilingana na moja ikiwa chini sana, hiyo ndiyo mgonjwa. Basi itiwe kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, ipimwe tena. Mshale ukipanda, ringi zimelika, maana oili imeziba pengo lake. Usipopanda, kasoro iko kwenye valvu au gasketi. Na silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi yaelekea imeungua kati yake. Angalieni kama maji ya rejeta hupungua au hutoa mapovu, ila msifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto.

Kabla ya kukubali silinda hedi ifunguliwe, mwombeni fundi apime nafasi za tapeti. Katika Hilux ya 22R, injini ikiwa ya moto, ni milimita 0.20 kwa valvu ya kuingiza na 0.30 kwa valvu ya kutolea moshi. Wengi huogopa tapeti inayogonga, lakini iliyobana ni mbaya zaidi, kwa kuwa haina kelele. Valvu iliyobanwa haifungi kabisa. Mbano hutoroka, moto hupita kwenye ukingo wake, nayo huungua kimya kimya. Jambo hili limewapata hasa wenye magari ya kale sana. Zamani petroli ilitiwa risasi, nayo risasi ile ililinda makalio ya valvu. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar wakapatana kuiacha, na mwanzoni mwa mwaka 2006 ikawa imeondolewa katika nchi hizi. Tendo lile lilikuwa jema, kwa maana risasi hudhuru akili za watoto. Lakini baadhi ya injini za zamani zina makalio ya chuma laini, nayo yakilika valvu huzama kidogo kidogo na nafasi ya tapeti huisha. Dawa yake ya kudumu ni kutiwa makalio ya chuma kigumu, silinda hedi itakapofunguliwa. Na kabla ya hapo, kupima tapeti mara kwa mara.

Wenye pikapu za dizeli wajue kwamba mashauri ya cheche hayawahusu, kwa kuwa dizeli huwaka kwa joto la mbano pasipo plagi ya cheche. Ila mpango wa kutafuta ni ule ule: silinda ipi, na imekosa nini.

Limebaki neno moja, nalo si la chuma bali la watu. Twajua malalamiko ya wengi juu ya mafundi, kwamba hubadilisha vitu ovyo. Lakini na tuulizane kwa haki: je, sisi twawalipa kwa kazi ya kutafuta? Fundi akikaa saa tatu akihamisha plagi na kupima, akagundua kwamba ni waya mmoja, twamwambia, "Umefunga waya tu, mbona wataka fedha nyingi?" Akifunga kabureta mpya kwa nusu saa, twamlipa bila kunung'unika, kwa sababu kitu kipya chaonekana. Kwa desturi hiyo sisi wenyewe twamfundisha kubahatisha. Patana naye tangu mwanzo: "Nitakulipa kiasi hiki kwa kutafuta, hata kama ugonjwa ukiwa mdogo. Usinunue kitu mpaka umenionyesha." Mpe karatasi yako yenye majibu ya maswali yale. Mwombe akurudishie kila kitu cha zamani alichokitoa. Fundi mwaminifu atafurahi, na asiye mwaminifu atatafuta mteja mwingine.

Kisha iwekeni karatasi ile ndani ya gari, pamoja na tarehe, kilomita, na lililofanyika. Pikapu kuukuu hupita mikono ya wengi, baba, mwana, shemeji na dereva wa kukodiwa; kila mmoja akianza upya kwa kubahatisha, nyumba itanunua koili ile ile mara tatu. Lakini palipo na maandishi, mama aliyebaki nyumbani aweza kumwambia fundi mgeni, "Waya ulibadilishwa mwezi wa tano, anza kwenye tapeti." Na usiku ule mgonjwa atakapohitaji kupelekwa Kiomboi, injini itaitika silinda zote nne.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutanena habari za betri, na kwa nini hufa mapema katika nyumba nyingi.